Nguva, Nyavu na Mfuko wa Kikundi



Tumeombwa tuseme juu ya bahari ya Kiunga. Wengine wenu ni watu wa bara, na mtauliza: habari za nguva zatuhusu nini sisi wa kuku na mahindi? Ngojeni kidogo.

Kiunga iko kaskazini ya Lamu, karibu na mpaka wa Somalia. Mwaka 1979 Serikali ilitenga sehemu ile ya bahari kuwa hifadhi, kama kilomita za mraba 250, pamoja na visiwa vidogo kama 50 vilivyojipanga mbele ya pwani. Maji yake si ya kina kirefu. Jua lafika mpaka chini, na nyasi za baharini zaota kama malisho. Kasa huja kula hapo, na usiku hupanda ufuoni kutaga mayai. Visiwani hutaga ndege wa baharini, wale buabua. Watu wa huko ni Wabajuni, wavuvi tangu mababu, na katika hifadhi ya namna hii uvuvi wa kienyeji waruhusiwa. Hilo tulikumbuke, maana wengi wakisikia neno hifadhi hufikiri ni kufukuzwa.

Sasa nguva. Si yule wa hadithi, nusu mwanamke nusu samaki. Ni mnyama anayenyonyesha, urefu wake hufika mita 3, uzito kilo 400, na aweza kula kilo 40 za nyasi kwa siku. Mwiteni ng'ombe wa baharini, hamtakosea. Lakini ng'ombe wako wa miaka minne huenda ameshazaa. Nguva aweza kupita miaka 10 kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Hubeba mimba zaidi ya mwaka, azaa ndama mmoja, kisha hukaa miaka mingine 3 hata 7. Mfugaji yeyote hapa aweza kupiga hesabu hiyo: ukipoteza majike wawili tu, zizi halijai tena upesi.

Na wanapotea vipi? Nguva hana matamvua, hupumua hewa kama sisi. Akinaswa na jarife lililotegwa usiku hawezi kupanda juu, na kwa dakika chache amekufa maji. Mvuvi hakumtaka, alitaka papa. Asubuhi akuta mzoga, na wavu umeraruka. Hasara juu ya hasara. Mwaka 2022 wataalamu wa IUCN, umoja wa kimataifa wa kuhifadhi maumbile, walimweka nguva wa pwani ya Afrika Mashariki katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Walikadiria kwamba waliokomaa hawafiki 250, na wengi wako Bazaruto, Msumbiji. Kwetu Kenya, kumwona hata mmoja ni bahati.

Kuna wasemao, basi, nyavu zote mbaya zipigwe marufuku, yaishe. Sisi hatuoni kuwa ni rahisi hivyo. Juya lilipigwa marufuku mwaka 2001, kwa kuwa laburuta chini, lang'oa nyasi na kuzoa samaki wachanga. Lakini bado lavutwa mahali pengi. Anayelivuta mara nyingi ni kibarua asiye na chombo chake mwenyewe. Mwambie aache, halafu jioni watoto wale nini? Huko Kiunga wamewahi kubadilisha nyavu: mvuvi aleta wavu mbaya, apewa halali. Vizuri sana. Ila wavu huchakaa, jamani! Wa pili atanunua nani?

Hapo ndipo habari hii inapowahusu hata watu wa kuku. Mfuko unaokopesha mbuzi waweza kukopesha mishipi, madema na ndoana. Akina mama wa Kiunga, mwishoni mwa miaka ya 1990, waliokota malapa yaliyotupwa na bahari wakayachonga vinyago, na kazi ikakua mpaka ikafika Nairobi. Takataka zile zile humzuia kasa kupanda kutaga. Na kule Kuruwitu, Kilifi, wanakijiji wenyewe waliunda chama mwaka 2003, kisha wakafunga kipande cha bahari cha hekta kama 30 ili samaki wazaliane. Walibishana sana, maana kufunga bahari ni kufunga jiko. Mwaka 2017 walipewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Basi vikundi vya pwani, katika mkutano wenu ujao ulizeni mambo haya. Nani kati yetu atega jarife usiku na kuliacha bila kulikagua? Dema moja lagharimu shilingi ngapi kwa fundi wetu? Mkopo ulipwe kwa miezi mingapi, na miezi ya kusi, bahari inapochafuka, mkopaji asamehewe au la? Mwekahazina aandike majibu. Na atakayemwona nguva, hai au mfu, aandike tarehe na mahali, apeleke habari kwa BMU ya ufuo wake au ofisi ya KWS, kabla nyama haijagawanywa.