Entebbe: Kiwanja na Walinzi Wake

Kusini ya Kampala, katika rasi inayoingia ndani ya Ziwa Viktoria, kipo kiwanja cha ndege cha Entebbe. Kiwanja hicho hupokea abiria, na pia ni kituo cha Jeshi la Anga la Uganda. Ndugu wasikilizaji, historia yake yafaa kutafakariwa na kila askari ashikaye zamu, kwani katika muda usiotimia miaka mitatu kilivamiwa mara mbili, na mara zote mbili hakikuokolewa na ndege za vita zilizokuwapo.

Mwezi Juni 1976, ndege ya Ufaransa iliyotekwa nyara ilitua Entebbe, na utawala wa Idi Amin ukashirikiana na watekaji. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, ndege nne za Israeli aina ya Hercules zilitua hapo baada ya safari ya kilomita zipatazo 4,000. Ndani ya ile ya kwanza lilitoka gari jeusi la Mercedes, mfano wa gari la Rais, ili kuwahadaa walinzi. Askari wawili wa zamu waliuamuru msafara usimame, wakapigwa risasi. Katika muda wa saa moja na nusu hivi mateka 102 walikwisha chukuliwa, askari wengi wa Uganda walikuwa wameuawa, na ndege za MiG zilikuwa zikiungua chini bila kuruka.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulilaani uvamizi huo, na kwa haki, kwani mipaka ya nchi huru ilivunjwa. Hata hivyo, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kabla ya mwaka 1972 Waisraeli ndio waliowafundisha marubani wa Uganda, na kampuni yao ilikuwa imeshiriki kujenga majengo ya kiwanja hicho. Wavamizi waliingia katika nyumba waliyoijua.

Mara ya pili ilikuwa Aprili 1979. Baada ya Amin kuivamia Kagera mwezi Oktoba 1978, majeshi ya Tanzania yalisonga mbele pamoja na wapigania ukombozi wa Uganda. Entebbe ndiyo iliyokuwa mlango wa askari na silaha kutoka Libya. Tarehe 7 Aprili, Brigedi ya 208 ya Jeshi la Wananchi ilikiteka kiwanja, na mlango huo ukafungwa. Siku chache baadaye Kampala ilikombolewa.

Tangu hapo, kiwanja hicho hicho kimefanya kazi nyingine. Mwaka 1994 kilipitisha misaada ya wakimbizi wa Rwanda; mwaka 2003 kikatumiwa na majeshi ya Ulaya yaliyokwenda Bunia; na mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ukaanzisha hapo kituo cha kuhudumia walinda amani wa kanda hii.

Ni dhahiri, basi, kwamba njia ya kurukia ndege haina utii wake yenyewe. Humtumikia yeyote aishikaye. Wale askari wawili wa 1976 walitimiza wajibu wao: waliliona gari la mkubwa, na bado wakalisimamisha. Lililokosekana ni utawala wenye kustahili walinzi wa namna hiyo, na jeshi zima lililo macho nyuma yao.