Nani Anamfuata Nani: Viwakilishi vya Kiingereza Mbele ya Mwanafunzi wa Ufipa

Mtoto anayeingia kidato cha kwanza Sumbawanga, Namanyere au Matai hukutana na viwakilishi vya Kiingereza vikiwa vimepangwa ubaoni kwenye jedwali: "I, you, he, she, it, we, they", na kando yake "me, you, him, her". Jedwali hilo hukaririwa upesi na kujibiwa vizuri kwenye mtihani. Lakini miaka minne baadaye kijana yuleyule anaweza kuandika "My mother he sell beans", na kalamu nyekundu ikapita mara mbili juu ya maneno matano. Hoja yangu ni kwamba jedwali linaonyesha kiwakilishi mahali ambapo hakipo. Neno kama "he" halina maana likisimama peke yake. Linaipata kwa aliyetajwa kabla na kwa kinachofuata, na kila lugha ina kanuni zake za kupanga mfuatano huo. Mtoto wa Ufipa haji darasani mikono mitupu. Anakuja na kanuni za Kifipa na za Kiswahili, ambazo katika mambo mengi zinakubaliana, na ndizo anazoandikia Kiingereza.

Tuanze na hiyo "he" iliyojitokeza wakati mama ameshatajwa. Malcolm Guthrie, alipoziainisha lugha za Kibantu mwaka 1948, alikiweka Kifipa pamoja na Kimambwe na Kirungu katika kanda M, yenye pia Kibemba cha Zambia na Kinyakyusa cha Rungwe. Kiswahili alikiweka kanda G. Kwa jambo hili, hata hivyo, kanda hazitofautiani: kitenzi hudai kiambishi cha mtenda hata kama mtenda ametajwa kwa jina punde tu. Tunasema "Mama anauza maharage", na hiyo "a-" haiondoki kwa sababu mama yupo. Joan Bresnan wa Marekani na Sam Mchombo wa Malawi, katika makala yao ya mwaka 1987 kuhusu Kichewa, walieleza kwamba kiambishi cha namna hii kina kazi mbili. Jina likiwepo, kinapatana nalo tu. Jina lisipokuwepo, chenyewe ndicho kiwakilishi. Kiingereza kimezitenga kazi hizo. Upatanisho umeachiwa ile "s" ya "sells", na uwakilishi wamepewa "he" na "she". Sasa itazameni tena sentensi ya kijana wetu: ameweka "he" na ameiacha "s". Naona hayo si makosa mawili, ni moja. "He" amempa kazi ya "a-", kazi ya upatanisho, na baada ya hapo ile "s" haina tena la kufanya. Mtu anaweza kunijibu kwamba Waingereza wenyewe husema "My mother, she sells beans". Ni kweli, ila wanapumzika kidogo baada ya "mother", kama sisi tunavyosema "Mama yangu, yeye anauza maharage", na kwa kawaida ni pale wanapotaka kumtofautisha mama na wengine. Kijana wetu hakumtofautisha na yeyote.

Sentensi ya pili husikika kila mahali Afrika Mashariki, hata kwa watu wenye shahada: "I asked for the book and he gave me." Mwingereza hubaki akisubiri. Alikupa nini? Kwetu swali hilo halizuki, maana "akanipa" ni kauli kamili. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja tu ya kiambishi cha yambwa, na kwa kitenzi "-pa" nafasi hiyo ni ya mpokeaji siku zote. Ukisema "amekipa", hujasema kwamba mtu amepewa kitabu. Umesema kitu hicho chenyewe ndicho kilichopewa, kama katika "amekipa kitoto maziwa". Kitabu hukaa kimya kwa sababu kimeshatajwa na hakuna atakayekisahau. Kiingereza hakiruhusu ukimya huo, na hapo ndipo mpangilio unapoanza kumchanganya mgeni. Kitu kikiwa jina, mtu hutangulia: "gave me a book". Kitu kikigeuka kiwakilishi, kwa kawaida hutangulia chenyewe: "gave it to me". "Gave me it" nayo husemwa, na sehemu za kaskazini mwa Uingereza utasikia hata "give it me". Kwa hiyo mwanafunzi aliyekariri "me" na "it" bila kosa hata moja bado hajajua kipi kitangulie, na jedwali lake halina safu ya kumwambia.

Msidhani foleni hizi ni shida ya Kiingereza peke yake. Kihaya na Kinyarwanda huruhusu viambishi viwili vya yambwa au zaidi ndani ya kitenzi kimoja. Kibemba, kinachosemwa ng'ambo tu ya mpaka wetu, kwa kawaida huruhusu kimoja, lakini hukubali cha pili ikiwa kinamhusu msemaji mwenyewe, yaani nafsi ya kwanza umoja. Alessandro Duranti, akiandika mwaka 1979 kuhusu viambishi hivi katika lugha za Kibantu, alionyesha kwamba mpangilio wake hufuata daraja: watu wana daraja juu ya vitu, na wanaozungumza wana daraja juu ya wanaosimuliwa. Kiswahili nacho kina daraja hilo, ila kimelitumia kuamua nani apate kiti pekee kilichopo.

Pingamizi ninalolisikia zaidi, na ambalo watu wetu wenyewe hulisema kwa unyonge, ni kwamba Kiingereza ni lugha ya uhakika kwa kuwa kinatenganisha "he" na "she", na lugha zetu zinababaisha kwa kuwa "a-" ni ya wote. Chukueni sentensi moja ya mtaani: "Mama Asha alimwambia Neema amletee debe, lakini akasema ameliazimisha." Nani alisema? Neema. Nani aliliazimisha debe? Neema. Katika sentensi yote "a-" ya mtenda imetokea mara nne, na hakuna msikilizaji aliyepotea. Iandikeni kwa Kiingereza na mtapata "she" mara mbili, "her" moja na "it" moja, na "she" haisaidii chochote kwa sababu wote wawili ni wanawake. Kinachomwongoza msikilizaji katika lugha zote mbili ni mpangilio wa tukio: aliyeombwa ndiye anayetarajiwa kujibu. Ngano zinathibitisha hilo vizuri zaidi. Roy Willis alikusanya ngano za Wafipa na kuzichapisha Oxford mwaka 1978 katika kitabu kiitwacho There Was a Certain Man. Katika ngano zetu za Kibantu sungura na fisi wakianza kudanganyana kila mmoja huwa "a-" na "m-" kwa zamu, na watoto waliokaa sakafuni hawaulizi ni nani kamla nani. Mwingereza akizisimulia ngano hizo, wote wawili watakuwa "he".

Tukigeukia vitu, mizani inainama upande wetu. "The cup hit the plate and it broke": kipi kilivunjika? Kiingereza hakisemi. Kwa Kiswahili, "Kikombe kiligonga sahani, kikavunjika" na "Kikombe kiligonga sahani, ikavunjika" ni habari mbili tofauti, na kiambishi kimoja kimemaliza kesi. Kiingereza kimeamua kuwa makini juu ya jinsia ya watu na kuvirundika vitu vyote ndani ya "it". Sisi tumewaweka watu pamoja na kuvipanga vitu kwa ngeli. Na hao wenye "he" na "she" nao, kwa karne nyingi, wamekuwa wakisema "they" kwa mtu mmoja ambaye jinsia yake haijulikani. Inaelekea hitaji la "a-" wanalo pia.

Wako watakaosema makosa haya ni uzembe na dawa yake ni mazoezi. Lakini uzembe haubagui. Mwanafunzi mzembe angechanganya pia "I" na "you", au "he" na "they", na hayo ni nadra kuyaona. Anateleza palepale ambapo lugha yake haikuchora mstari. Mgeni kutoka Ulaya anayejifunza Kiswahili huteleza kinyume chake: "Yeye alikuja, yeye alikaa, yeye alikunywa chai." Kila kiambishi chake ni sahihi, lakini anasikika kama mtu anayeshtaki, kwa sababu kwetu "yeye" huwekwa pale tunapomtenga mtu na wengine. Kosa lake na la kijana wetu yanatoka mahali pamoja, ingawa la kwake huitwa lafudhi na la kijana huitwa ujinga.

Kuna na hofu kwamba kukitaja Kifipa katika somo la Kiingereza ni kupoteza vipindi, tena wakati taifa bado linajadili lugha ya kufundishia, mjadala ambao Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 haikuufunga. Sipendekezi somo jipya. Nawaomba walimu wa Kiingereza wa Ufipa jambo dogo: kabla ya jedwali, andikeni ubaoni habari ya Mama Asha na Neema, mwambieni kila mtoto aisimulie kwa lugha ya nyumbani kwao, kisha mtafute pamoja ni wapi Kiingereza kinadai neno ambalo Kifipa kimelinyamazia, na wapi kinalikataa neno ambalo Kifipa kinalidai. Na ninyi mnaosomea isimu, rekodini mazungumzo ya wazee wa Ufipa jinsi yanavyosemwa, bila kuondoa kiambishi hata kimoja. Jedwali lije baadaye, wiki ya pili au ya tatu.