Yuko Wapi? Filamu za Fumbo na Haki ya Anayetafuta



Hoja yangu jioni hii ni moja. Filamu ya fumbo inayohusu mtu aliyepotea ipimwe kwanza kwa jinsi inavyomtendea anayemtafuta, ndipo tuusifu werevu wake wa kumfichua mhalifu. Mtazamaji huuliza nani kafanya. Mama, mume au ndugu huuliza yuko wapi, na swali lake ndilo zito zaidi.

Mfano wangu mkuu ni hadithi iliyotengenezwa mara mbili na mwongozaji yuleyule, Mholanzi George Sluizer. Ya kwanza ni Spoorloos ya mwaka 1988, iliyotokana na riwaya fupi ya Tim Krabbé. Rex na mpenzi wake Saskia wako safarini Ufaransa. Wanasimama kwenye kituo cha mafuta, Saskia anakwenda kununua vinywaji, harudi. Sluizer hamfichi mhalifu. Tunamwona mapema: mwalimu wa kemia, mume na baba, akiufanyia mazoezi uovu wake huku akijipima mapigo ya moyo. Swali la nani likishajibiwa, tunabaki na Rex: miaka 3 ya kubandika picha na kukosa jibu, hata uhusiano wake mpya unavunjika. Hatimaye mhalifu anampa sharti: akitaka kujua yaliyompata Saskia, anywe kahawa yenye dawa ya usingizi. Rex anakunywa. Anazinduka amezikwa hai.

Mwaka 1993 Sluizer aliirudia hadithi hiyo Marekani, akiwatumia Jeff Bridges na Kiefer Sutherland. Safari hii mwanamume aliyezikwa anaokolewa na mpenzi wake mpya, na mhalifu anauawa. Watazamaji wanatoka roho zimetulia, lakini toleo la kwanza lilikuwa limesema kweli ngumu zaidi: kutojua kunaweza kumla mtu hadi akubali lolote, mradi ajue.

Hali hiyo imechunguzwa. Mtaalamu wa Marekani Pauline Boss, ambaye miongoni mwa aliowachunguza mwanzoni ni familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam, ameieleza tangu miaka ya 1970 kuwa ni msiba usio na hakika. Sisi tunaujua msiba huo kwa yanayokwama: matanga hayakaliwi, arubaini haisomwi, mirathi haigawiwi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, inaruhusu mtu ahesabiwe amekufa ikiwa kwa miaka 7 hawajamsikia wale ambao wangemsikia kama angekuwa hai. Mali inaweza kugawanywa miaka hiyo ikitimia, lakini mama bado atageuka kila mlango ukibishwa.

Je, filamu inaweza kusimama upande wa mama huyo na bado ikatupandisha presha? Inaweza. Missing ya Costa-Gavras, iliyopata tuzo ya Palme d'Or kwa pamoja na filamu nyingine mwaka 1982, inamfuata baba wa Kimarekani anayemtafuta mwanawe, Charles Horman, aliyekamatwa Chile baada ya mapinduzi ya Septemba 1973. Tunapita naye ubalozini, hospitalini na kwenye uwanja wa michezo uliogeuzwa gereza. Kinachotushika ni kumwona mzee aliyeiamini serikali yake akitambua, ofisi baada ya ofisi, kwamba anadanganywa.

Wajibu wa filamu kwa anayetafuta una upande wa vitendo pia. Filamu na tamthilia nyingi za televisheni zimewafundisha watu kwamba lazima saa 24 zipite kabla ya kuripoti kwamba mtu amepotea. Marekani yenyewe, zinakotoka nyingi kati ya hizo, ilipitisha sheria mwaka 1990 ya kuwakataza polisi kuweka muda wa kusubiri mtoto anapopotea. Saa za mwanzo ndizo ambazo mashahidi bado wanakumbuka, picha za kamera hazijafutwa na simu huenda bado iko hewani. Kwa mtoto, kungoja saa hizo ni kumnyima nafasi ya kupatikana.

Wanafunzi wa filamu mlio hapa, kabla ya kuandika namna mhalifu atakavyonaswa, kaeni na familia iliyozunguka vituo vya polisi na vyumba vya maiti. Sikilizeni waliulizwa nini na walijibiwa nini. Kisha mwandikeni mhusika anayekwenda kuripoti jioni ileile, na polisi anayelifungua daftari bila kumrudisha nyumbani.