Mali Bila Daftari: Maswali ya Sheria Katika Kununua na Kuuza Nyumba

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa ukoo, Walthamstow, London



Kamati imenitaka niseme machache juu ya sheria za kununua na kuuza nyumba katika nchi hii. Mimi si wakili. Nilikuwa mtumishi wa serikali, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusoma mafaili. Katika mafaili nilijifunza kwamba ugomvi wa mali aghalabu huanza baina ya watu wanaopendana, walioona haya kuandikiana. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Niruhusuni niifafanue methali hiyo kwa maswali ambayo huulizwa mara kwa mara katika nyumba zetu.

Swali la kwanza: "Tumekwisha kukubaliana bei, je, nyumba imekuwa yetu?" La, bado. Katika sheria ya England na Wales (ndugu zetu wa Scotland wana sheria yao), mapatano ya mdomo juu ya ardhi hayamfungi mtu. Sheria ya mwaka 1989 inataka mkataba wa maandishi, wenye masharti yote, uliotiwa saini na pande zote mbili. Mpaka siku ile mawakili watakapobadilishana mikataba, muuzaji aweza kumpa nyumba mwingine aliyepandisha bei, na mnunuzi naye aweza kujitoa. Baada ya siku hiyo hakuna kurudi nyuma: mnunuzi hutoa arubuni, kwa desturi asilimia 10 ya bei, na akishindwa kumaliza malipo aweza kuipoteza. Basi msivunje pango mnalokaa kabla ya mikataba kubadilishwa.

Swali la pili: "Tunanunua kitu gani hasa?" Hapa Walthamstow swali hili lina uzito wake. Mnazijua nyumba za Warner, zilizojengwa na ukoo wa Warner kuanzia miaka ya 1880. Nyingi ni nusu-nyumba: milango miwili ubavu kwa ubavu, mmoja wa chini na mmoja wa ghorofani. Anayenunua nusu ya namna hiyo, kama anunuavyo fleti, mara nyingi hununua milki ya muda, yaani haki ya kukaa kwa miaka iliyotajwa, na ardhi hubaki kwa mwingine. Ulizeni imebaki miaka mingapi. Ikipungua chini ya 80, gharama ya kuongeza muda imekuwa ikipanda sana. Bunge lilipitisha sheria mwaka 2024 ya kupunguza gharama hiyo, lakini vifungu vyake huanza kutumika kimoja kimoja. Wakili na awaambie ni vipi vinavyotumika siku mtakayonunua. Kimoja kilichokwisha kuanza, tangu Januari 31, 2025, ni kwamba mnunuzi hangoji tena miaka miwili kabla ya kuomba nyongeza ya muda.

Sasa nafika kwenye moyo wa maneno yangu. Swali la tatu: "Jina la nani liandikwe?" Tuchukue mfano. Kaka anakaa London na ana mshahara ambao benki itaukubali. Dada yuko Muscat, ametoa akiba yake. Ami yuko Tanga, ameuza kiwanja. Fedha zote zinaingia katika nyumba moja, na hati inaandikwa jina la kaka peke yake, kwa kuwa "sisi ni kitu kimoja". Sheria ya hapa huanza kwa kudhani kwamba mwenye jina ndiye mwenye mali. Anayedai vinginevyo ndiye atakayethibitisha, na kuthibitisha mahakamani ni ghali.

Hata majina yakiwa mawili, hatari haijaondoka kama mafungu hayakuandikwa. Katika kesi ya Stack na Dowden, watu wawili waliokaa pamoja bila ndoa walikuwa na nyumba London kwa majina yao yote mawili, pasipo maandishi ya nani ana kiasi gani. Shauri lilifika hadi kwa majaji wa Baraza la Malodi, ambalo wakati ule lilikuwa ndiyo mahakama ya mwisho. Mwaka 2007 waliamua kwamba bibi apate asilimia 65 na bwana 35. Mwaka 2011, katika kesi ya Jones na Kernott, Mahakama ya Juu iligawa 90 kwa 10. Ilibidi majaji watafute nia za watu kutokana na mwenendo wa miaka mingi, jambo ambalo karatasi moja ingalilimaliza asubuhi moja.

Karatasi hiyo ni hati ya amana. Huandikwa na wakili, na hutaja kila aliyetoa, kiasi alichotoa, na fungu lake siku ya kuuza. Hati ya umiliki haipokei majina zaidi ya manne, lakini hati ya amana yaweza kuwataja wote. Mwombeni wakili pia aweke zuio katika daftari la Usajili wa Ardhi, ili mwenye jina asiweze kuuza peke yake. Benki inayotoa mkopo lazima ijulishwe.

Hapo linatokea jambo ambalo wengi hawalijui. Mara nyingi benki humtaka ndugu aliyechangia atie saini barua ya kusema kwamba fedha zake ni hiba, na kwamba hadai chochote katika nyumba. Barua hiyo hutumwa Tanga au Muscat, na mtu mzima hutia saini kwa kuwa mtoto wake amemwomba. Ndugu zangu, barua hiyo si adabu tu. Ukisema ni hiba, umetoa hiba. Na ikiwa ni mkopo au ni fungu, kuiita hiba ni kuidanganya benki. Semeni kweli mapema, na kama benki hiyo haikubali, tafuteni nyingine. Hali kadhalika bibi mzee anayekaa katika nyumba huenda akaletewa karatasi ya kukubali kwamba haki ya benki itangulie yake. Asitie saini kabla ya kuelezwa na wakili wake mwenyewe, kwa lugha anayoielewa.

Aidha, mawakili hulazimika kuuliza fedha zimetoka wapi. Fedha za upatu ni halali, lakini wekeni daftari la upatu. Fedha za shamba ni halali, lakini wekeni hati ya mauzo na stakabadhi za benki.

Swali la nne linahusu ushuru wa stempu. Wapo wanaoongeza jina la ndugu katika hati kwa heshima tu. Tangu Oktoba 31, 2024, anayenunua nyumba ya ziada hulipa nyongeza ya asilimia 5 ya bei yote, na nyumba iliyoko popote duniani huhesabiwa, ikiwa thamani ya milki yake ni pauni 40,000 au zaidi. Mmoja wa wanunuzi akiwa na nyumba Mombasa au Unguja, nyongeza yaweza kuwaangukia wote. Kwa nyumba ya pauni 500,000, nyongeza hiyo peke yake ni pauni 25,000. Heshima hiyo ni ghali mno.

Swali la tano: "Mmoja akifa, je?" Wamiliki wakiandikishwa kwa umiliki usiogawika, anayebaki huchukua yote, na wasia haufui dafu mbele yake. Wakiandikishwa kwa mafungu, fungu la marehemu huenda kwa warithi wake. Asipoacha wasia, hugawiwa kwa sheria ya Uingereza, wala mirathi ya Kiislamu haifuatwi yenyewe. Tangu Julai 26, 2023, mke au mume aliyeachwa pamoja na watoto hupata pauni 322,000 za mwanzo na nusu ya kinachozidi. Watoto hupata nusu iliyobaki. Wazazi na ndugu hawapati kitu. Anayetaka mirathi ya dini yake lazima aandike wasia. Na binti zetu wajue kwamba nikahi iliyofungwa hapa bila kuandikishwa kiserikali haimpi mwanamke haki za mjane; Mahakama ya Rufani ilisisitiza mwaka 2020 kwamba sherehe ya namna hiyo si ndoa katika sheria.

Swali la mwisho: "Mmoja akikataa kuuza?" Wenye majina katika hati wote hutia saini. Wakishindana, sheria ya mwaka 1996 humruhusu mwenye fungu kwenda mahakamani, na mahakama yaweza kuamuru nyumba iuzwe. Hapo nyumba hupata mnunuzi, lakini ukoo hupoteza mtu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, natoa rai moja kwa mkutano huu. Kabla ya mtu yeyote wetu kutuma hata pauni moja kwa ajili ya nyumba ya pamoja, waliohusika waketi, iandikwe hati, na kila mmoja apewe nakala yake. Na nyumba zilizokwisha kununuliwa zisiachwe nyuma: maadamu wahusika wangali hai na wanasemezana, yaweza kuandikwa hata sasa. Kijana asione haya kumwomba ami yake karatasi, wala ami asidhani kwamba ametukanwa. Tuliowaona wakigombania mali hawakuwa wabaya kuliko sisi.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo ndani yake.