Samadi Isiachwe Juani

Leo tuko Lushoto, milimani Usambara, kwenye kabichi na karoti zinazosafirishwa hadi Tanga na Dar es Salaam. Huko kaya nyingi hufuga ng'ombe wa maziwa bandani, kwa hiyo samadi ipo. Shida ni utunzaji. Inatupwa nyuma ya banda, inapigwa jua na mvua, na ikifika shambani imebaki makapi. Ile harufu inayowasha pua ni naitrojeni inayopotelea hewani, ileile unayokwenda kuinunua kwenye mfuko wa Urea!

Basi tuivundike samadi iwe mboji. Tafuta kivuli, mahali pasipotuama maji. Tandaza mabua yaliyokatwakatwa, juu yake samadi, kisha majani mabichi (alizeti pori ya kando ya njia inafaa sana) na udongo kidogo. Nyunyizia maji, rudia hivyo hivyo mpaka lundo likufike kifuani, ufunike kwa majani ya mgomba. Chomeka kijiti kirefu hadi katikati. Siku chache baadaye kichomoe. Kikiwa cha moto na unyevu, mambo yanakwenda. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikitoka baridi na kunuka uvundo, maji yamezidi. Geuza lundo na uongeze mabua. Joto likipita nyuzi 55, mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa hufa, lakini pembeni hakuchemki, ndiyo maana kila baada ya wiki mbili au tatu tunageuza, cha nje kiingie ndani. Baada ya miezi mitatu hivi mboji huwa nyeusi na hunukia udongo.

Je, uache mbolea ya dukani moja kwa moja? Hapana, usikurupuke. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Samadi kavu ya ng'ombe kwa kawaida haizidi 2. Faida ya mboji ni kwamba udongo hushika maji na virutubisho, na mbolea haisombwi ovyo na mvua. Weka viganja viwili vya mboji kwa kila shimo la kabichi, na kile kizibo cha soda unachopimia mbolea ya DAP, sasa kijaze nusu. Anza na matuta machache, linganisha, ndipo upunguze zaidi.

Ila kwenye karoti na saladi, samadi mbichi isiguse tuta kabisa. Karoti hugawanyika mizizi, na mlaji anaweza kupata vimelea vya magonjwa.