UGANDA: KOVU LILILOJIFICHA INI

Katika vijiji vya wavuvi vya Butiaba, kando ya Ziwa Albert nchini Uganda, mtu mwenye nguvu zake aweza kutapika damu ghafla akafa. Wapo wasemao amerogwa. Kumbe aliyemuua ni kichocho cha tumbo.

Vijidudu vya ugonjwa huo hutoka kwa konokono wa majini, vikapenya ngozi. Minyoo ikomaapo hutaga mayai, na mengi hukwama katika ini. Baada ya miaka mingi makovu huizunguka mishipa. Damu hukosa njia, nayo mishipa ya umio huvimba hata ikapasuka.

Zamani, kuyathibitisha makovu kulihitaji kudunga sindano na kutoa kipande cha ini. Leo mashine ya altrasaundi, inayobebeka hadi kijijini, huyaonyesha kwa mawimbi ya sauti, bila jeraha. Mwaka 1996 wataalamu walikutana Niamey, Niger, wakaafikiana utaratibu mmoja wa kuzisoma picha hizo.

Mwaka 2003 Uganda ilianza kampeni ya kitaifa ya kugawa dawa ya prazikwanteli. Dawa hiyo huua minyoo. Makovu machanga yaweza kupungua. Yaliyokomaa huenda yasiondoke kamwe.

Hapo ndipo penye fundisho. Ziwa Victoria nalo lina kichocho hicho, na askari wa doria hukanyaga maji yake kila siku. Ukakamavu wa gwaride si ushahidi wa uzima wa ini. Apimwe na kutibiwa mapema, kwani adui aliyegunduliwa mpakani hashindwi kwa gharama sawa na aliyekwisha kuingia mjini.