Lita Tano kwa Saa Tatu: Mwanafunzi wa Uuguzi Kando ya Kitanda, Uvira

Kitanda cha mgonjwa wa kipindupindu kina tundu katikati na ndoo mbili: moja chini ya tundu, nyingine upande wa kichwa kwa ajili ya matapishi. Mwanafunzi wa uuguzi anayefika staji kwa mara ya kwanza huiona ndoo kuwa kazi ya kumwaga. Muuguzi mzoefu huisoma kwanza. Imejaa kiasi gani tangu saa ile? Maji yake yanafanana na maji ya kuoshea mchele, au yana damu? Damu ikionekana, fikra inahama kutoka kipindupindu kwenda kuhara damu, na dawa nazo zinabadilika. Ndoo ya plastiki imejibu kabla ya maabara.

Mada hii inahusu namna mwanafunzi anavyopima hali ya mgonjwa na kuamua la kufanya. Mifano yake imetoka mji wa Uvira na milima ya Mulenge, mashariki mwa Kongo, kwa kuwa huku muuguzi ndiye anayeamua. Katika vituo vingi vya afya vya Kongo daktari hayupo. Muuguzi mkuu wa kituo, yule ambaye watu wanamwita IT (infirmier titulaire), ndiye anayepokea, anayepima, anayeandika dawa na anayetuma hospitali, mkononi akiwa na ordinogramu zake, yaani michoro ya hatua za kuamua matibabu. Anayekaa leo darasani katika shule ya uuguzi, ITM au ISTM, kesho atakuwa peke yake mbele ya mlango wenye foleni.

Shuleni anafundishwa hatua tano: kukusanya habari, kutambua tatizo, kupanga, kutenda, kutathmini matokeo. Anafundishwa pia mahitaji 14 ya msingi ya binadamu aliyoyaorodhesha Virginia Henderson, kuanzia kupumua. Ni mafundisho mazuri. Ubaya ni kwamba katika daftari hatua hizo zinapangwa kama ngazi, na mwanafunzi anadhani akishapanda ya kwanza ameachana nayo. Mwalimu Mmarekani Christine Tanner, katika makala yake ya 2006, alieleza maamuzi ya muuguzi kwa vitendo vinne: kugundua, kufasiri, kuitikia, kutafakari. Kando ya kitanda vitendo hivyo huzunguka, tena kwa dakika na si kwa siku.

Uchukuliwe mfano wa mama wa kilo 50 aliyebebwa na ndugu zake alfajiri. Macho yameingia ndani, hawezi kunywa, ngozi ya tumbo ikifinywa inakawia zaidi ya sekunde mbili kurudi, mapigo ya kifundo cha mkono hayashikiki vizuri. Dalili mbili kati ya hizo zinatosha kumweka katika upungufu mkali wa maji, yaani mpango C wa Shirika la Afya Duniani. Hesabu yake ni mililita 100 za serumu ya Ringer, maji yanayoingizwa kwenye mshipa, kwa kila kilo: 30 za kwanza kwa nusu saa, 70 zinazobaki kwa saa mbili na nusu. Kwa mama huyu ni lita moja na nusu kabla nusu saa haijaisha, kisha lita tatu na nusu. Jumla lita tano kwa saa tatu. (Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hupewa kiasi hichohicho kwa kilo, ila kwa saa sita.)

Hapo ndipo mkono wa mwanafunzi unapotetemeka. Lita tano! Anaogopa kumzamisha mgonjwa, anapunguza matone ya serumu, anaandika kwenye fishi kwamba serumu imewekwa, anakwenda kwa mwingine. Fishi haina kosa. Mgonjwa anakufa.

Kifo cha namna hiyo si cha kubuni. Julai 1994, Goma, kaskazini mwa ziwa Kivu, kipindupindu kiliingia katika kambi za wakimbizi wa Rwanda na kuua maelfu. Katika kituo kimoja cha matibabu vifo vilifika asilimia 48 ya waliolazwa. Timu ya Bangladesh iliyokuja kusaidia ilichunguza sababu, ikazichapisha mwaka uliofuata katika jarida la The Lancet: maji yaliingizwa polepole, mengine hayakuwa ya aina inayofaa, maji ya chumvi na sukari ya kunywa hayakutumiwa vya kutosha, na wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu wa kipindupindu kikali. Kumbe kipindupindu kinachotibiwa vizuri huua chini ya mtu mmoja kwa mia. Miaka 23 kabla ya Goma, katika kambi ya Bangaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa serumu, akaamua kutengeneza maji ya chumvi na sukari na kuwakabidhi jamaa za wagonjwa wawanyweshe. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa mia hadi karibu tatu. Gardimaladi wa Uvira, jamaa anayemhudumia mgonjwa, yule shangazi anayelala chini kando ya kitanda, naye anaweza kuhesabu vikombe na kuita muuguzi, iwapo ameambiwa mapema ahesabu nini.

Tuseme sasa mama wa mfano amepata lita yake ya kwanza. Je, mwanafunzi amemaliza? Bado. Kila robo saa hadi nusu saa anarudi kushika mapigo. Yasipopata nguvu, matone yanaongezwa. Mgonjwa akianza kunywa anapewa kikombe, hata serumu ikiwa bado inaingia. Baada ya saa tatu anapimwa upya kana kwamba ndiyo kwanza ameingia mlangoni.

Jina la ugonjwa halihitajiki ili kuanza. Katika kituo cha matibabu ya kipindupindu cha Uvira, tangu 2016 wagonjwa wanaoshukiwa wamekuwa wakipimwa kwa vipimo vya haraka, na walioonekana kuwa na kipindupindu kweli ni chini ya nusu. Waliobaki walikuwa na vijidudu vingine, lakini nao walikauka na walihitaji maji. Muuguzi anayengoja jibu la maabara amekosea, na anayeandika "kolera" kisha akaacha kufikiri amekosea vilevile.

Maswali kwa mgonjwa yafuate mji wake. Mtafiti Aurélie Jeandron na wenzake walilinganisha utoaji wa maji ya bomba ya Uvira na wagonjwa walioingia kituoni kati ya 2009 na 2014. Siku moja bila maji ya bomba ilifuatwa na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa katika siku 12 zilizofuata. Basi swali "bomba lilitoa maji wiki hii, au mlichota ziwani?" ni sehemu ya kumpima mgonjwa, na lina uzito kuliko maswali mengi yaliyochapwa kwenye fomu. Liulizwe kwa lugha anayoielewa: Kifuliiru, Kibembe, Kinyamulenge, Kirundi. Kifaransa cha darasani hakimsaidii bibi wa mtaa wa Kavimvira.

Watoto wana mitego yao. Kwa mtoto aliyekonda sana, ngozi iliyofinywa hukawia hata kama hajakauka. Kwa aliyevimba miguu, inaweza kurudi upesi ilhali amekauka. Mwanafunzi atazame pia unyonge, kiu na mkojo, na amuulize mama kama macho ya mtoto yalikuwa hivyo jana.

Katika bonde la Ruzizi mtego mkubwa zaidi unaitwa malaria. Mtoto ana homa, kipimo cha haraka kimeonyesha mistari miwili, dawa imeandikwa, mwingine aingie. Lakini vipimo vingi vya aina hiyo hubaki vikionyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Pumzi zihesabiwe dakika nzima, kwa saa, mtoto akiwa ametulia: 50 na zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni pumzi za haraka, na nimonia inafikiriwa hata kama kipimo kimesema malaria.

Mwaka 2024 mpox, ugonjwa wa upele uliojitokeza katika mji wa Kamituga mwaka uliotangulia, ilifika Uvira, na waliozoea kusema "ni tetekuwanga" kwa kila upele walilazimika kuvua nguo za mgonjwa, kutazama viganja, nyayo na sehemu za siri, kupapasa tezi. Upele uliofichwa na shati hauwezi kupimwa.

Huko juu Mulenge na Itombwe uamuzi una kipimo kingine: mwendo. Mgonjwa anashushwa kwa ingobyi, machela ya kienyeji, mabegani mwa wanaume, kwa saa nyingi. Daktari Denis Mukwege alianza kazi katika hospitali ya Lemera mwaka 1983 akakuta akina mama wanaofika kujifungua wakiwa wamechelewa. Ndiyo sababu alikwenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Muuguzi wa mlimani hawezi kusema "tungoje tuone" kama anavyosema wa mjini. Mama mjamzito ambaye presha yake inapanda na kichwa kinamuuma atumwe kungali mchana, na barua yake iandikwe saa aliyopimwa, vipimo alivyokuwa navyo na dawa alizopewa.

Walimu na wasimamizi wa staji wanaombwa jambo moja. Badala ya kumpa mwanafunzi vitanda kumi vya kuchukulia joto la mwili, wampe mgonjwa mmoja, saa ya mkononi na karatasi tupu. Akae naye kwa saa nne, aandike kila robo saa alichoona na alichobadilisha kwa sababu ya alichoona. Karatasi hiyo ndiyo wamsahihishie.